Mama Bado

Mama aliusoma mswada wa filamu ya maisha yake akiwa kwenye kochi la sebuleni kwetu, miwani puani, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Mwongozaji wa filamu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na viatu vyenye vumbi, alikuwa amekaa mbele yake. Chai yake ilikuwa imeshapoa kwa sababu hakuthubutu kuinua kikombe. Alipofika ukurasa wa sitini na kitu, kidole kikasimama.

"Huyu mama anaongea sana," Mama akasema.

"Yupi, mama?"

"Huyu mnayesema ni mimi."

Nilichungulia. Kweli bwana, walikuwa wamempandisha juu ya kreti na kumpa hotuba ya ukurasa mzima na nusu. Alizungumza mbele ya meneja wa mgodi kuhusu haki, machozi ya wake na utu wa binadamu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mama yangu, ambaye akipiga simu anasema "Ni mimi, njoo," kisha anakata!

"Sasa ulisema nini siku ile?" mwongozaji aliuliza, kalamu mkononi.

"Nilisema 'bado'."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ndiyo hiyo. Bado."

Kwa asiyejua, mama yangu alikuwa mtunza taa wa mgodi. Kazi yenyewe ni ya dirishani. Mchimbaji akija zamu anatoa kibati chake chenye namba, Mama anakitundika ubaoni, kisha anampa taa ya kofia yenye namba ileile pamoja na betri ya kufunga kiunoni. Akitoka, anarudisha taa na kuchukua kibati chake. Kwa hiyo ukitaka kujua nani yuko chini ya ardhi, humuulizi mtu, unatazama ubao. Mama aliwajua wote kwa namba zao. Mpaka leo akikutana njiani na mzee wa watu, mvi kichwa kizima, wajukuu wamemshika mikono, atamwita, "Kumi na saba! Mbona umekonda hivyo?" Naye mzee anaitika bila kinyongo.

Asubuhi moja, miaka arobaini iliyopita, mwamba uliporomoka ukaziba njia ya kutokea. Ubaoni kulikuwa na vibati arobaini na moja. Namba ishirini na sita ilikuwa ya baba yangu. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nimeachwa kwa mama mdogo na mdoli wa kitambaa.

Siku tisa Mama hakutoka katika chumba kile. Alilala kwenye benchi, akala alicholetewa, akakaa dirishani. Wake za wachimbaji walikuja, mmoja baada ya mwingine, na waliuliza maswali mawili tu. Aliyeogopa aliuliza, "Wameshakufa?" Mama akajibu, "Bado." Aliyekuwa na matumaini aliuliza, "Wameshatoka?" Akajibu, "Bado." Sijui kama lugha nyingine zina ukarimu huo, neno moja kumfaa mwenye hofu na mwenye tumaini, na asiwe amemdanganya yeyote.

Siku ya nne meneja alikuja na daftari la zamu. Wahandisi walikuwa wanaogopa mwamba usije ukaporomoka tena uwaue na waokoaji, na sauti zilizokuwa zinasikika kwenye bomba la hewa zilikuwa zimefifia. Meneja alisema mabomba hulia yenyewe yakipoa. Alitaka zamu ifungwe, taa ziandikwe kuwa zimepotea, uchimbaji usimame. Sheria ya mgodi ilisema zamu haifungwi bila sahihi ya mtunza taa.

"Tia sahihi hapa, mama," alimwambia.

"Taa hazijarudi."

"Hao watu wameshakwisha."

"Bado."

Meneja alisubiri. Mama alifunga kalamu akaiweka mfukoni. Meneja aliondoka na daftari lake, na kwa kuwa zamu ilikuwa wazi, waokoaji waliendelea kuchimba. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, watu walianza kutoka shimoni wakiwa wamefungwa vitambaa machoni wasiumizwe na jua. Walihesabiwa arobaini.

Ninafundisha hesabu shule ya msingi, si mtu wa kutia chumvi. Lakini nimeisimulia habari hii mara nyingi mno, na kila nikifika hapo pa watu arobaini mwili unanisisimka. Watu arobaini, na watoto waliozaliwa baadaye, na watoto wa watoto hao, wanatembea mitaani kwa sababu mwanamke mmoja wa dirishani alikataa kutia sahihi. Mji mzima unamwita Mama Bado. Zamani walilisema jina hilo kwa heshima. Siku hizi hata wauza mboga wanamtania, "Mama Bado, umeshalipa?" Naye hawezi kukosa jibu, ila jibu lenyewe mnalijua.

Basi hotuba ikafutwa. Mwongozaji aliipiga mstari mbele ya macho yetu, ukurasa mzima na nusu, na Mama akamwambia, "Sasa kunywa chai."

Wiki iliyofuata alikuja mwigizaji atakayekuwa Mama. Binti mrefu, maarufu, sura yake iko kwenye mabango ya sabuni. Nilidhani ataleta maringo, kumbe alivua viatu mlangoni na kukaa chini miguuni pa Mama akasubiri kufundishwa. Mama alimfundisha jikoni kwetu. Dirisha la kuhudumia chakula likawa dirisha la taa, na mimi nikawa wachimbaji wote arobaini na moja, nazunguka kutoka jikoni kwenda sebuleni mpaka magoti yakaniuma.

"Kioo cha taa unakifuta kwa kuzungusha," Mama alimwambia. "Hivi. Husugui sufuria hapo, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Na usimtazame mtu usoni kwanza. Tazama kiuno. Betri ikilegea inamchoma kwa tindikali. Uso utautazama akirudi."

Binti yule alirudia kufuta kioo mpaka kitambaa kikachanika. Siku ya tatu nilimwona akipokea taa bila kufikiri, jicho kiunoni, mkono ukizunguka wenyewe, na kwa kitambo nilihisi nimemwona mama yangu alivyokuwa kabla sijajua kumtazama. Nilikaa kwenye kiti na kunyamaza. Si kawaida yangu.

"Mama," yule binti aliuliza, "ulipokuwa unasema 'bado', kichwani ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Wee futa kioo."

Mambo yaliharibika Jumatatu. Mwongozaji alirudi, safari hii bila kalamu, na kabla hajakaa nilijua kuna jambo. Alisema watayarishaji wa filamu wamekaa kikao. Wameipenda hadithi, wamempenda Mama, ila mwisho unawasumbua. Wanataka watoke wote. Arobaini na moja.

"Wanasema mtazamaji akae saa mbili na huyu mwanamke, halafu mumewe ndiye asitoke? Wanasema ni ukatili," alieleza, akitazama zulia. "Mimi nimekataa. Lakini mkataba unasema mwisho lazima upate ridhaa yenu. Mkikubali, itakuwa hivyo. Mkikataa, itabaki arobaini. Wanataka jibu Ijumaa, siku tunayopiga picha za watu kutoka."

Mama hata hakungoja amalize. "Hapana."

"Ngoja kwanza, Mama," nikasema.

Wote wawili walinigeukia. Sikujua kama nitasema, lakini lilikuwa limeshanitoka. Nilimwomba mwongozaji atuache tuzungumze, naye akaondoka haraka kama mtu aliyesikia harufu ya gesi.

"Unataka nini?" Mama aliniuliza.

"Nataka nimwone akitoka."

"Ni mtu wa kuigiza."

"Najua ni wa kuigiza! Mimi sina hata wa kuigiza. Sina picha yake moja. Watu arobaini wametoka, kila nikimwona mmoja wao nafurahi, halafu nikifika nyumbani nauliza moyoni, kwa nini si yeye? Acha atoke dakika moja. Nani atadhurika?"

"Ni uongo."

Hapo ndipo hasira ilinipanda, na ninapopandwa na hasira sichagui maneno. "Uongo? Wewe ndiye wa kuniambia habari ya uongo? Nilikuwa na miaka mitatu nikauliza, baba amerudi? Ukasema bado. Nikiwa na minne, bado. Nimeanza shule, bado. Mwalimu ananiuliza baba yako yuko wapi, nasema bado hajatoka kazini, darasa zima linacheka. Hujawahi kuniambia amekufa, Mama. Hata leo. Mimi si mjinga, najua. Lakini hujawahi kuniambia!"

Nilitegemea anifokee. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, kwa kuzungusha.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Wachimbaji walikuwa na desturi yao," alianza. "Zamu ikiisha, kila mtu akipita kwenye bomba la hewa kuelekea mlangoni anagonga mara moja. Nyapara anasikiliza, anajua wangapi wamepita. Bomba lile lilipita nyuma ya ukuta wangu. Kwa miaka nilikuwa nalisikia nikiwa nafuta vioo. Siku ile mwamba ulipoanguka, jioni yake, saa ya zamu kuisha, likagongwa. Watu wote walisikia, wakapiga kelele za furaha kwamba wako hai. Mimi nilihesabu. Arobaini na moja."

Aliivaa miwani.

"Siku ya pili jioni, wakagonga tena. Watu wakashangilia tena. Nilihesabu arobaini."

Nje kulikuwa na mtoto anafukuzana na tairi, na nilimsikia mpaka alipoishilia mwisho wa mtaa.

"Nikajua mmoja ameondoka," Mama aliendelea. "Yupi, sijui. Bomba halina namba. Wanawake arobaini wanakuja dirishani, na mimi ni wa arobaini na moja. Mmoja wetu ni mjane, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba yupo. Ningesema, meneja angepata sababu. Angesema wameanza kufa, wengine ni suala la muda, tusipoteze na waokoaji. Na wale wanawake wangeanza kulia kila mmoja wa kwake. Kwa hiyo nikafunga mdomo. Nikasema lile neno ninaloweza kulisema bila kudanganya."

"Siku saba?" sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Saba. Kila jioni nahesabu. Arobaini. Arobaini. Siku ya nne walikuwa wanagonga kwa udhaifu, wengine wanasema ni bomba linapoa. Lakini bomba likipoa halifiki arobaini likasimama, mwanangu. Ndiyo maana nilifunga kalamu."

Mimi nimesimama mbele ya madarasa miaka ishirini nikifundisha watoto kuhesabu. Nawaambia hesabu ni kitu rahisi, ukiwa na vidole kumi umeshaanza. Nilimtazama yule mwanamke mdogo wa umbo kwenye kochi letu, aliyekaa na hesabu moja kifuani siku saba bila kulijua jina lake, akiwatazama machoni wanawake arobaini, na niliogopa. Sina neno jingine. Nilimwogopa mama yangu kama mtu anavyoogopa akisimama chini ya mlima.

"Siku ya tisa walianza kupita dirishani," akasema. "Mmoja mmoja, wanarudisha taa, natoa kibati. Nilikuwa natazama ubao, sitazami watu. Vibati vikabaki vitano. Vitatu. Kikabaki kimoja." Aliinua kidole kimoja. "Halafu nikaja nyumbani, ukaniuliza amerudi. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Ukasema wenyewe. Kesho yake tena. Nilikuwa nasubiri siku utakapoacha kuuliza, ukaacha, nami nikashukuru. Hilo nilikukosea."

Nilimshika magoti. Tulilia, na sioni haya kusema.

"Kuhusu filamu," alisema baadaye, akipenga, "uamuzi ni wako. Mume alikuwa wangu, nilimpata miaka sita. Baba alikuwa wako, hukumpata. Ukitaka atoke, atoke. Nitatia sahihi."

Nilipiga simu kwa mwongozaji nikamwomba kitu kimoja. Apige picha za miisho yote miwili, nione, ndipo nijibu. Alikubali.

Ijumaa tulienda kwenye ghala walimojenga chumba cha taa. Mama aliingia, akazunguka mara moja, akasogeza benchi mbele hatua mbili, akasema, "Sasa." Mafundi waliokuwa wamelipima benchi lile kwa futi walitazamana tu.

Wachimbaji kumi na mmoja walio hai walikuwa wamealikwa wajiigize wenyewe, wakiwa mbali na kamera, katikati ya vijana. Wazee wale walipakwa vumbi la kubuni. Kumi na saba alilionja kwa ulimi, akatema. "Letu lilikuwa na ladha," akasema, wenzake wakaangua kicheko.

Mwigizaji alikaa dirishani na kamera ikaanza. Taa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa hodari, lakini ilipofika zamu ya wazee mambo yaligeuka. Kumi na saba alifika dirishani, akatoa taa, akafungua mdomo ataje namba yake, sauti ikakataa. Nyuma yake mzee mwingine alianza kulia. Yule binti, maskini, akaganda na taa mkononi.

Mama aliinuka kwenye kiti chake kando yangu. Hakumwomba mtu ruhusa. Alipita kati ya nyaya, akaingia chumbani, akamgusa binti bega, naye akampisha. Mwongozaji aliinua mkono kuwaambia wapiga picha wasisimame.

"Kumi na saba," Mama akasema. "Leta."

Akaleta. Mama akatazama kiuno, akafuta kioo, akampa kibati, kisha akamtazama uso. Basi wakaja wote. Wazee na vijana wa kukodiwa kwa pamoja, watu arobaini, na kwa kila mmoja alifanya vilevile, bila kuruka hata mmoja, bila kuharakisha. Nilikuwa nimeisikia habari hii maisha yangu yote na kumbe nilikuwa sijaijua. Nilikuwa nikifikiri ushujaa wake ulikuwa ule wa kukataa kalamu. Sasa niliona ulikuwa huu, kumpokea kila mume wa mwenzake kama aliyekuwa akimsubiri yeye peke yake, huku ubao unapungua.

Watu arobaini wakaisha. Mwongozaji alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa, na kijana aliyeigiza baba yangu akasukumwa mbele.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, umri wa baba. Mabega mapana, vumbi usoni, taa namba ishirini na sita mkononi. Nilimtazama kwa njaa ambayo sikujua ninayo. Alikuwa amefundishwa kutabasamu na kusema, "Nimerudi." Alifika dirishani akamkuta mwanamke wa miaka sabini badala ya binti wa mabango, na maneno yakampotea.

Mama hakutazama kiuno. Alianza na uso, akautazama muda mrefu sana.

"Umechelewa," alimwambia kwa upole. "Tazama, mimi nimeshazeeka."

Sidhani kama kijana alikuwa anaigiza alipojibu, "Nisamehe."

"Si kosa lako." Alinyoosha mkono, akaipokea taa, akafuta kioo chake taratibu, akaiweka mahali pake pamoja na zile nyingine. Kisha akampa kibati. "Haya. Nenda kapumzike."

Kijana akaondoka. Mama alibaki amesimama, mikono juu ya ukingo wa dirisha, mbele ya ubao usio na kitu. Mpiga picha alikuwa anafuta macho kwa kiwiko na kamera bado inazunguka, mpaka mwongozaji aliponong'ona waizime.

Alinijia pale nilipokaa, akachuchumaa ili tuwe usawa.

"Mwalimu, sijawahi kupiga picha kama hii maishani mwangu," akasema. "Ukiniruhusu nitaitumia. Ukikataa, naifuta leo hii. Niambie."

Mama alikuwa ametoka chumbani, anakuja upande wetu, amemshika yule mwigizaji mkono, na nilijua ananisikia. Nilipiga moyo konde.

"Hiyo futa, hiyo ni yao wawili," nilisema. "Kwenye filamu watoke arobaini. Baba yangu alikufa mgodini, siku ya pili. Andikeni hivyo."

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ndiyo mara ya kwanza kulitamka. Mama alikaa kwenye kiti kando yangu, akanishika mkono, na hatukuondoka mpaka mafundi walipomaliza kukunja nyaya zao.